Pango la Krismasi Mbele ya Ofisi ya Chifu

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Eldoret)

 

Nimeombwa niseme juu ya jambo linaloleta maneno kila Desemba. Kikundi kinataka kujenga pango la kuzaliwa kwa Yesu mbele ya ofisi ya chifu, au uani mwa zahanati. Mmoja anasema, "Wengi hapa ni Wakristo, nani atakataa?" Mwingine ananyamaza. Huyo anayenyamaza ndiye nataka tumfikirie, maana naye anatoa mchango wa tangi kila mwezi, na siku akijiondoa tangi limekwama.

Katiba ya 2010, kifungu cha 8, ni fupi sana: Kenya haina dini ya taifa. Halafu kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu, peke yake au pamoja na wengine, faraghani au hadharani. Sikieni hapo, hadharani. Asije mtu akawaambia sheria inafungia imani ndani ya nyumba. Katiba yenyewe inaanza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu, na serikali inatupumzisha Ijumaa Kuu, Krismasi na Idd-ul-Fitr. Dini haikufukuzwa. Ilichokatazwa serikali ni kuchukua moja na kuifanya yake.

Basi tuulize: kiwanja ni cha nani, na pesa ni za nani? Mnakumbuka Julai 2025, habari zilipotoka kwamba kanisa linajengwa ndani ya Ikulu ya Nairobi. Rais Ruto, ambaye ni mtu wa hapa kwetu Uasin Gishu, alisema analipa kwa pesa zake. Watu wakauliza, pesa sawa, na kiwanja je? Mashirika ya kiraia yakaenda Mahakama Kuu, na Agosti mwaka huo ikatoa amri ya muda ya kusimamisha ujenzi. Sisemi siasa. Nasema swali lile lile liko kwa chifu. Hata chifu mwenyewe akikubali, yeye anatunza ofisi tu, ploti si yake.

Huko Marekani wamebishana zaidi. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliruhusu pango la mji wa Pawtucket, kwa vile lilikuwa pamoja na mapambo mengine: Baba Krismasi, tembo, hata dubu! Mwaka 1989 ikakataza pango lililowekwa peke yake kwenye ngazi za mahakama ya kaunti kule Pittsburgh. Kumbe ukitaka kiwanja cha serikali, Mtoto Yesu atakaa na tembo. Mimi naona hapo kanisa ndilo lililopata hasara.

Shule tulizofadhili nazo tusizisahau. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili kazi ya malezi ya kiroho, lakini inamtaka alinde dini na dhehebu la wengine. Mtoto wa Kiislamu asilazimishwe kuwa mchungaji wa kondoo katika mchezo wa Noeli eti kwa sababu ni mrefu.

Maoni yangu ni haya. Pango lijengwe kwenye kiwanja cha kanisa, karibu na barabara, kila mpita njia alione. Mabati na taa vitoke kwa Wakristo wanaopenda kuchanga, si kwenye sanduku la kikundi. Wanaotaka uwanja wa umma jioni moja kwa nyimbo, waombe kibali, na Idd ikifika wawe wa kwanza kuwaunga mkono majirani wanaoomba uwanja huo huo.

Maswali nitayajibu baada ya chai. Kwanza waweka hazina mniletee vitabu. Kama kuna kikundi kilichotoa pesa za tangi kununua vifaa vya pango, tukubaliane leo zitarudishwa na nani, na lini.