Haki ya Mwili wa Mtoto

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipokaribia Uganda, serikali iliamuru shule zifungwe, na misikiti na makanisa vilevile. Amri hiyo haikuwa ngeni kwa Mwislamu. Mtume (S.A.W.) alikwisha kataza watu wasiingie katika nchi yenye tauni, wala waliomo wasitoke kwa kuikimbia. Naye Sayyidna Umar bin Khattab aligeuka njiani pale Sargh, akarejea Madina, alipopata habari kwamba tauni imeingia Sham. Kujikinga ni katika dini. Lakini kila kinga ina gharama yake, na sehemu kubwa ya gharama hii ililipwa na miili ya watoto.

Shule za Uganda zilifunguliwa kwa baadhi ya madarasa, zikafungwa tena Juni 2021, wala hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hapana nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko huo. Mwezi wa Aprili 2020 hata kukimbia barabarani kwa ajili ya mazoezi kulikatazwa, na Rais Museveni akaonyesha kwa video namna ya kufanya mazoezi ndani. Lakini mazoezi ya ndani yataka nafasi. Mtoto wa Kampala alalaye na ndugu zake watano katika chumba kimoja cha kupanga angekimbilia wapi?

Shirika la Afya Duniani lasema kuwa mtoto wa miaka 5 hadi 17 ahitaji, kwa wastani, dakika 60 kila siku za kuutumikisha mwili hata pumzi zimwende mbio. Zamani dakika hizo zilipatikana bila kutafutwa: njia ya kwendea shule, mpira wa mapumziko, kamba ya wasichana. Shule ilipofungwa, vyote vilikwenda pamoja.

Madhara yalipimwa kwingine. Uingereza, watoto wa miaka 4 na 5 wenye unene wa kupita kiasi walikuwa 9.9 katika mia mwaka wa masomo wa 2019/20. Mwaka uliofuata wakafika 14.4. Wa miaka 10 na 11 walitoka 21.0 wakafika 25.5. Katika mji wa Feicheng, Uchina, watoto wa miaka 6 wasioona mbali walikuwa 21.5 katika mia mwaka 2020, ilhali miaka mitano ya nyuma hawakupita 5.7.

Huenda mzazi wa shamba akasema kuwa mtoto wake hakukaa kitako, bali alilima na kuteka maji. Ni kweli. Lakini kazi ya kumchosha mtoto si mchezo wa kumkuza, na wengi waliozoea jembe na vibarua hawakurudi darasani.

Hata hivyo tumaini lipo. Wale wadogo wa Uingereza, shule zilipofunguliwa, walishuka mpaka 10.1 katika mwaka mmoja. Wakubwa walikawia. Mwili wa mtoto husamehe upesi, mradi urudishiwe haki yake mapema.

Basi yawapasa walimu wasiile saa ya michezo kwa kisingizio cha kufidia masomo yaliyopotea. Madrasa nayo, ambako mtoto hukaa mkekani saa nyingi, impe muda wa kunyoosha viungo. Wasichana wapate uwanja wenye stara, wasiachiwe jiko peke yake. Na penye kiwanja cha waqfu kando ya msikiti, wasimamizi wasikigeuze chote kuwa maduka ya kupangisha. Kodi huliwa ikaisha, bali afya ya kizazi haina duka inakouzwa.

Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe, na kwamba muumini mwenye nguvu hupendwa zaidi na Mwenyezi Mungu, ingawa kila mmoja ana kheri yake. Mtoto hawezi kuidai haki hiyo. Mzazi ndiye aliyekabidhiwa amana, naye ndiye atakayeulizwa.

Mwenyezi Mungu awape watoto wa Kiislamu, na watoto wote, afya na elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.