MABOGA HAYAKUWA NA KOSA
(Maneno ya Katibu mbele ya darasa la elimu ya watu wazima, Magole)



Leo nina neno moja, nalo linanihusu mimi mwenyewe. Msimu uliopita ndugu yetu mmoja alipanda maboga mpakani na shamba la matikiti. Jirani yake akaja kwangu kulalamika kwamba matikiti yake yametoka machungu, eti yamechanganyika na maboga. Mimi nikaamuru maboga yang'olewe, nayo yalikuwa yameshatoa maua. Nilikosea.

Sikilizeni. Kila mmea umejengwa kwa chembe ndogo sana, na ndani ya kila chembe mna nyuzi zinazobeba urithi wa ukoo. Wataalamu wanaziita kromosomu. Kuzihesabu ni hivi: mbegu inaoteshwa, ncha ya mzizi inakatwa ingali changa, maana hapo ndipo chembe zinapogawanyika. Inatiwa rangi, inapondwa kati ya vioo viwili, halafu inatazamwa kwa hadubini. Tikiti lina kromosomu 22. Boga lina 40. Dodoki 26, tango 14 tu. Nusu zatoka kwa baba, nusu kwa mama. Sasa nyuki akipeleka chavua ya boga kwenye ua la tikiti, zitakutana 20 za boga na 11 za tikiti. Wapi! Hazipatani, mbegu haifanyiki.

Lakini msinishike kwa hesabu peke yake. Mung'unye nao una 22 sawa na tikiti, wala hauzai nalo. Ukoo ni mwingine. Tena nyama ya tunda ni ya mama. Chavua ya baba inaingia kwenye mbegu, na utaiona msimu unaofuata.

Mwenye kuleta uchungu ni tikiti pori. Hilo lina 22 na ni ndugu wa damu wa tikiti letu, kwa hiyo nyuki akipita huku na huku yanazaana. Tunda la mwaka huo litakuwa tamu kama kawaida. Ukiweka mbegu zake ukapanda, ndipo unavuna machungu. Na jirani yule, nilipomuuliza juzi, alisema alipanda mbegu alizojiwekea mwenyewe kwenye kopo. Swali hilo ningemuuliza mwaka jana kabla sijatoa amri.

Hata matikiti yasiyo na mbegu si uchawi. Mjapani Kihara alieleza habari zake mwaka 1951: tikiti la 44 huzalishwa na la 22, linatoka la 33. Ziko tatu tatu, hazigawanyiki sawasawa, basi mbegu hazikomai.

Ndugu mwenye maboga, nakuomba radhi hapa mbele ya watu. Mbegu nitakupa za shambani kwangu kabla ya masika, na mpakani pale upande tena. Jirani, zile za kwenye kopo usizipande.

Katibu