Sinema Tano za Bwana Hitchcock kwa Jicho la Karani
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nzega



 Mwajua asili ya hotuba hii. Mwezi uliopita, mkutano ulipokwisha, palizuka ubishi barazani juu ya sinema za Bwana Alfred Hitchcock, kwamba ipi ndiyo bora kuliko zote. Ubishi ule ulikuwa mkali hata chai ikapoa, na Bwana Katibu akatuagiza tuziandike hoja zetu kwa utaratibu, maana maneno ya barazani hayana faili. Basi tumetii. Tumechagua sinema tano, nasi tutazitaja kutoka ya tano mpaka ya kwanza.

Kwanza yafaa tumjue mtu mwenyewe. Alizaliwa Leytonstone, upande wa mashariki wa London, tarehe 13 Agosti 1899, naye alikuwa mwana wa muuza mboga. Alisomeshwa na mapadre Wajesuiti, na sisi tuliosomeshwa na mapadre twajua maana yake: mtu hujifunza kuliogopa kosa kabla hajalitenda. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alipokuwa mtoto mdogo baba yake alimtuma kituo cha polisi na barua. Askari akaisoma, akamfungia chumbani dakika chache, akamwambia kwamba ndivyo wafanywavyo watoto watundu. Hofu hiyo ya kufungiwa mlango bila kujua kosa lako haikumtoka maisha yake yote.

Lakini liko jambo linalotugusa zaidi. Kabla ya kutengeneza sinema, Bwana Hitchcock alikuwa karani. Aliajiriwa na kampuni ya Henley's ya London, iliyotengeneza nyaya za simu na za umeme. Kazi yake ilikuwa kukadiria hesabu, kisha akahamishiwa idara ya matangazo. Wafanyakazi wa kampuni ile walikuwa na gazeti lao dogo, na hadithi yake ya kwanza ilichapwa humo mwaka 1919. Kwa hiyo, mabwana, msilidharau gazeti letu hili la kurasa chache. Alipofariki, tarehe 29 Aprili 1980, alikuwa ameacha sinema zaidi ya 50.

Ustadi wake mkubwa ni taharuki, yaani kumweka mtazamaji roho juu. Mwenyewe alieleza kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka ghafula, watu hushtuka kwa muda mfupi, lakini mtazamaji akijua kwamba bomu lipo, na saa yaenda, na wale waliokaa mezani hawajui neno, atateseka muda wote wa mazungumzo yao. Tuchukue mfano wa hapa petu. Karani anakunywa chai na kucheka. Sisi twajua kwamba mkaguzi wa hesabu amekwisha shuka katika basi la Tabora, naye anavuka barabara. Karani hajui, aongeza sukari. Hiyo ndiyo taharuki, wala hapana bastola hata moja.

Wengine watauliza, mbona Vertigo ya mwaka 1958 haimo katika orodha yetu? Twajua kwamba mwaka 2012 wahakiki waliokusanywa na gazeti la Uingereza liitwalo Sight and Sound waliiweka juu ya sinema zote za dunia, na mwaka 2022 wakaiweka ya pili. Hatushindani na wataalamu. Ila orodha yetu ni ya karani. Tumetafuta sinema ambamo mtu amekabidhiwa mali ya mwingine, au ufunguo wake, au jina lake jema, maana hizo ndizo amana tulizo nazo sisi.

Ya tano ni Sabotage, ya mwaka 1936, iliyotokana na kitabu cha Bwana Joseph Conrad. Mtu mmoja mwenye jumba la sinema katika London ni mhalifu wa siri. Siku moja ampa mdogo wa mkewe kifurushi akipeleke mjini. Ndani yake mna bomu, na mtoto hajui. Njiani azuiwa na muuza dawa ya meno, kisha na maandamano, na saa inakwenda. Sisi watu wa Unyamwezi twaielewa sinema hii kuliko wengi, maana babu zetu walikuwa wapagazi wa njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Mpagazi alichukua mzigo uliofungwa na mwingine, akaulinda mchana na usiku. Leo tarishi achukua bahasha vivyo hivyo. Bomu lile lalipuka na mtoto afa, na baadaye Bwana Hitchcock mwenyewe alikiri kwamba alikosea kumwua. Kwa sababu ya kosa hilo tumeiweka mwisho.

Ya nne ni Notorious, ya mwaka 1946. Bibi Ingrid Bergman aigiza mwanamke aliyetumwa kuchunguza maadui huko Rio de Janeiro, hata akaolewa na mmoja wao. Yuko ufunguo wa ghala ya mvinyo, naye autoa katika funguo za mumewe usiku wa karamu. Kamera yaanza juu kabisa, yaonyesha ukumbi mzima na wageni wote, kisha yashuka polepole mpaka katika kiganja chake, ambamo mna ufunguo ule mdogo. Wakati huohuo chupa za mvinyo zapungua mezani, na zikiisha, mume atashuka ghalani kuleta nyingine. Mwenye kutunza stoo atafahamu hofu ile. Na mume agunduaje? Usiku aona ufunguo haupo, na asubuhi auona umerudi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ya tatu ni Psycho, ya mwaka 1960. Wengi huikumbuka kwa mauaji yaliyomo. Sisi twaikumbuka kwa nusu saa ya mwanzo. Bibi Marion Crane ni karani katika ofisi ya kuuza nyumba na viwanja huko Phoenix, Marekani. Siku ya Ijumaa mteja alipa dola 40,000 fedha taslimu, na mkubwa wa ofisi amwagiza Marion azipeleke benki. Hazipeleki. Azifunga, aingia katika gari lake, akimbia. Kabla hajatoka mjini, mkubwa wake avuka barabara mbele ya gari lake, amwona, atabasamu, kisha akunja uso. Mabwana, hatujui sinema nyingine iliyoonyesha vizuri namna hii uso wa mwajiri anayeanza kushuku. Baadaye, katika chumba cha hoteli ya njiani, Marion achukua karatasi afanye hesabu: katika 40,000 ametumia 700, asalie na ngapi? Hesabu hiyo ya kutoa ndiyo toba yake, maana ameazimia kurudi. Yaliyompata kabla ya kurudi hatutayasema, kwa ajili ya wale wasioiona bado.

Ya pili ni Rear Window, ya mwaka 1954. Mpiga picha amevunjika mguu, akaa kitini dirishani, hana kazi illa kutazama nyumba za jirani kupitia ua. Aona mume na mke wanaogombana. Siku moja mke haonekani tena, na mume atoka nje usiku wa mvua na sanduku, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Hapa Nzega, njia panda ya Tabora, Shinyanga na Singida, kila mmoja wetu ana dirisha la namna hiyo, nalo huitwa baraza. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini angalieni jambo moja. Rafiki yake mpelelezi hakubali kumshika mtu kwa sababu ya kuonekana tu, ataka ushahidi. Na ushahidi wapatikana, kwa hatari kubwa, nao ni pete ya ndoa ya yule mke. Shuku ile ilikuwa ya kweli, lakini ilipimwa kwanza.

Sasa twafika katika ya kwanza, ambayo watu wengi hawaihesabu hata katika kumi. Ni The Wrong Man, ya mwaka 1956. Mwanzoni Bwana Hitchcock mwenyewe asimama gizani na kusema kwamba kisa hiki kilitokea kweli. Ni kisa cha Bwana Balestrero, mpiga muziki wa New York, aliyekamatwa mwaka 1953. Alikwenda katika ofisi ya bima kuuliza kama aweza kukopa kwa hati ya mkewe, apate fedha za kumtibu meno. Makarani wanawake wa ofisi ile walipomwona walitetemeka, maana walidhani ndiye aliyewanyang'anya fedha zamani. Polisi wakamshika, wakamwambia aandike maneno ya barua aliyoitumia mwizi. Katika neno moja akasahau herufi za mwisho, na mwizi naye alikuwa amekosa katika neno lilo hilo. Basi imekwisha. Macho yameshuhudia, karatasi imeshuhudia. Mkewe akaugua akili kwa huzuni. Mwishowe mwizi wa kweli akakamatwa, makarani wale wakaitwa tena, wakamtambua yule wa pili kwa yakini ileile waliyomtambua wa kwanza. Walipopishana na Bwana Balestrero ukumbini hawakuweza kumtazama usoni.

Tutawaambia kwa nini tumeiweka juu. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja tusiyoitaja, stakabadhi moja ilionekana kuwa tarakimu zake zimebadilishwa, na fedha hazikutimia. Mkubwa akatuita, akatuuliza, mwandiko huu ni wa nani? Tukaitazama saba yake yenye mkato katikati, tukajibu kwamba wafanana na wa fulani, mwenzetu wa meza ya pili. Hatukusema ni wake. Tulisema wafanana. Lakini katika ripoti neno lile liliandikwa kwamba mwandiko umetambuliwa, nasi tukaisoma ripoti hiyo, tukatia sahihi, maana ilikuwa jioni na tulitaka kwenda nyumbani.

Mwenzetu akasimamishwa kazi. Mjini watu wakasema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mkewe akawa anakwenda sokoni jua linapokuchwa ili asikutane na watu. Baada ya miezi mitatu mtu mwingine, aliyekwisha hamishwa, alikiri kwamba yeye ndiye aliyebadilisha tarakimu zile. Mwenzetu akarudishwa, akalipwa mshahara wake wote, wala haikupungua senti moja. Asubuhi ile alikuja mezani kwetu akatupa mkono. Sisi ndio tulioangalia chini.

Kwa hiyo tulipoiona sinema hii hatukujiona katika Bwana Balestrero. Tulijiona katika wale makarani. Hawakuwa waongo, wala hawakuwa na chuki. Waliogopa, wakaona mfano, wakauita mfano kuwa ndio mtu mwenyewe. Katika sinema zile nyingine nne mtazamaji ajua siri, naye ahofu kwa ajili ya asiyejua. Katika hii mtazamaji ajua kwamba mtu huyu hana hatia, na kila mwenye kalamu anayemhukumu hajui. Hilo ndilo bomu chini ya meza zetu sisi, Bwana Mwenyekiti, na mara nyingi ni sisi tuliolitega kwa neno moja.

Basi twaomba wanachama wabishane nasi juu ya orodha, lakini wakubaliane nasi juu ya kalamu. Ukiulizwa jambo, andika uliloliona, si ulilolidhani. Ukiona neno lako limebadilishwa katika ripoti, lirudishe kabla ya kutia sahihi, hata ikiwa jua limekuchwa. Na methali ile ya lisemwalo lipo, tuiache barazani. Isiingie katika faili la mtu.

Mwenzetu yule alihamia wilaya nyingine, nasi hatukupata kumwomba radhi kwa kinywa. Twaomba hapa, mbele yenu.