Taa Haiwaki: Pima Kwanza, Betri Baadaye

Leo nazungumza na wale waliojitengenezea umeme wa sola kipande kwa kipande: paneli ya sokoni, betri ya volti 12, kile kiboksi cha kudhibiti chaji, na taa za ledi ulizoziunga kwa mkono wako. Umeme wa namna hii una faida yake. Kila kipande kinaweza kupimwa peke yake, na kilichokufa kikabadilishwa peke yake.

Shida ni kwamba taa ikififia, karibu kila mtu husema, "Betri imekwisha." Mama mmoja jirani yetu, anayechajia watu simu, aliuza sehemu ya mahindi ya mgao akanunua betri nyingine. Baada ya siku mbili giza likarudi. Kosa lilikuwa kwenye waya ulioshika kutu pale ulipofungwa kwenye kichwa cha betri. Betri ya zamani haikuwa na neno, na mahindi yalikuwa yameshakwenda.

Kwa hiyo tafuta mita. Kama huna, fundi simu wa sokoni anayo. Iweke upande wa volti za umeme wa betri, kwenye 20. Anza na betri, lakini iache kwanza ipumzike saa chache bila kuchajiwa wala kutumiwa. Ikisoma karibu 12.7, imejaa. Ikisoma 12.2, iko nusu. Ikishuka chini ya 11.9, imebaki tupu au karibu tupu. Kisha washa taa zote huku mita ikiwa imeshikilia palepale. Betri nzima hushuka kidogo tu na kutulia, iliyougua huporomoka.

Kuna namba moja ya kukumbuka: 10.5. Betri ya volti 12 ya maji ya asidi ina vyumba sita ndani, kila kimoja kikitoa volti 2 na kidogo. Kama imechajiwa kutwa nzima kwenye jua zuri na bado inasoma karibu 10.5, mara nyingi chumba kimoja kimekufa. Hiyo ndiyo betri ya kununua nyingine. Usiipasue, maana asidi yake hula ngozi na macho, na risasi iliyomo ni sumu kwa watoto.

Sasa paneli. Ichomoe kwenye kiboksi, iweke juani, upime. Hapa wengi hushtuka kwa sababu mita inaonyesha "1" peke yake. Paneli haijafa. Paneli inayoitwa ya volti 12, ikiwa haijaungwa na kitu, hutoa 18 hadi 22, na mita yako uliiweka mwisho 20. Ipeleke kwenye 200 utaona. Lakini volti nzuri hazitoshi kuisafisha paneli. Kiungo kilicholegea nyuma yake huonyesha volti nzuri, kisha huanguka mara tu kazi inapoanza. Basi irudishe kwenye kiboksi, uangalie vichwa vya betri. Jua likiwa kali, namba inapaswa kupanda taratibu kuelekea 13 na 14. Isipopanda, na betri umeshajua ni nzima, pima volti pale paneli inapoingilia kwenye kiboksi. Zikiwapo huku betri haipandi, kiboksi ndicho mshukiwa. Zisipokuwapo, fuata waya wa paneli. Na utazame juu pia: kivuli cha tawi moja kikiangukia kona ya paneli kinaweza kula sehemu kubwa ya chaji.

Kiboksi chenyewe kina utaratibu. Unga betri kwanza, ndipo paneli, mwisho taa. Ukifungua, anza kinyume chake. Vingi huharibika kwa kuunganishwa na paneli kabla ya betri.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha viungo. Washa taa. Shika waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha chanya cha betri, na wa pili mwisho wa waya huohuo, pale unapoingia kwenye taa. Unapima ncha mbili za waya mmoja, kwa hiyo mita inapaswa kusoma karibu sifuri. Ikisoma volti 1 au zaidi, umeme unapotelea njiani. Sogeza ncha kiungo kwa kiungo hadi uone inaporuka. Kata, kwangua kutu, sokota upya, chomea risasi kama unayo, zungushia tepu. Fanya hivyo hivyo upande wa hasi.

Tukija kwenye taa, wapo wanaolalamika kwamba ledi zao huungua moja moja hata zikiwa mpya. Mara nyingi rezista ilihesabiwa kwa volti 12, wakati betri ikichajiwa hufika 14.4. Chukua ledi tatu nyeupe zilizofuatana, kila moja ikitaka volti 3: jumla 9. Zinabaki 5.4 za kumezwa na rezista. Ledi ndogo hutaka ampea 0.02, na 5.4 ukigawa kwa 0.02 unapata omu 270. Aliyehesabu kwa 12 alipata 150, na mchana, chaji ikiwa juu, ledi zake hupitishiwa karibu mara mbili ya kiasi chake. Ledi isiyowaka kabisa, igeuze kabla ya kuitupa. Huenda chanya na hasi zimepishana.

La mwisho ni fyuzi, na hapa sitaki utani. Ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Ikikatika, usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara mahali pake. Imekatika kwa sababu kuna shoti mahali, na betri hata ndogo inaweza kuufanya waya uwe mwekundu kwa sekunde chache. Nyumba zetu ni za turubai na nyasi, na zimesogeleana. Tafuta shoti kwanza, kwa kawaida ni pale waya unapopita kwenye ukingo wa bati au chini ya msumari, ndipo uweke fyuzi mpya ya ukubwa uleule.