Unga, ubongo na dawa ya methadoni

Leo tuzungumze juu ya kijana anayetumia unga, yaani heroini. Wazazi wengi humfungia chumbani wiki nzima mpaka arosto iishe, kisha husema amepona. Hapo ndipo penye hatari.

Ubongo hutengeneza kemikali zake wenyewe. Endofini hupunguza maumivu. Dopamini humfanya mtu atamani kurudia jambo lililompendeza, kama vile chakula kizuri. Heroini hukaa mahali pale pale pa endofini na kuisukuma dopamini kupita kiasi. Ikitumiwa kila siku, ubongo huizoea na kudai zaidi. Akiikosa, mifupa humuuma, hutapika, huharisha, na usingizi humpaa. Mama, huo si ukaidi, wala hakurogwa.

Akikaa wiki chache bila unga, mwili hupoteza mazoea yale, lakini hamu hubaki. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi yaweza kukatika. Ukimkuta anakoroma vibaya, midomo imegeuka buluu na haamki, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kuiondoa heroini pale ilipokaa kwa dakika chache tu.

Methadoni nayo hukaa mahali pale pa heroini, ila hufanya kazi polepole, na dozi moja humtosha siku nzima. Aliyepimiwa sawasawa halewi; arosto humtulia, akaweza kula, kulala na kwenda kazini. Hapa Kenya ilianza kutolewa Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka 2015 ikafika Malindi. Kwa kawaida huinywa kila siku mbele ya mhudumu.

Majirani watakuambia ameacha unga akashika unga mwingine. Waache waseme. Mwenye shinikizo la damu humeza dawa kila siku na hakuna anayemwita teja. Usimharakishe kuiacha, wengine huinywa miaka mingi, na kuipunguza ni kazi ya kliniki, si ya nyumbani. Pombe na vidonge vya usingizi asichanganye nayo kamwe, kwani pamoja huzima pumzi.

Tena, akianzishiwa dawa za kifua kikuu, wajulishe wahudumu wa methadoni siku hiyo hiyo. Rifampisini huifanya methadoni iishe haraka mwilini, na arosto ikimrudia atautafuta unga. Wakijua mapema, watamwongezea kipimo.