Hapa Hatungojei Mvua

Mazungumzo na familia za kikundi cha bustani, Des Moines, Iowa

 

Mimi nimekulia shambani, kule Fizi. Nilishika jembe kabla ya kalamu. Lakini mwaka wangu wa kwanza hapa nilishindwa na nyanya. Mwezi wa Aprili jua liliwaka siku tatu, nikanunua miche 20, nikaipanda. Usiku wa nne ikaja jalidi, ile baridi inayogandisha umande. Asubuhi miche yote ilikuwa imelala, myeusi. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Nilijiambia: hata kulima nimesahau.

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nafuata kalenda ya nyumbani. Kule tunangojea mvua. Hapa tunahesabu baridi. Katika eneo letu, mimea isiyoweza baridi hupandwa nje karibu na katikati ya Mei. Ukingoja mpaka siku hiyo ndipo utie mbegu ya pilipili, baridi ya Oktoba itaikuta haijazaa vya kutosha. Kwa hiyo tunaanzia ndani, tukihesabu wiki kurudi nyuma. Pilipili na biringanya, wiki 8: katikati ya Machi. Nyanya, wiki 6: mwanzo wa Aprili. Maharage na bamia hazipendi kuhamishwa. Ngojeni ardhi ipate joto, mtie mbegu moja kwa moja. Lengalenga nayo inaota vizuri hivyo hivyo.

Chukueni vikopo vya mtindi, mtoboe chini maji yapite. Udongo wa nje msiutumie. Ndani ya kikopo hushikamana kama tofali, na huleta ukungu unaoozesha shina changa. Nunueni mfuko wa udongo mwepesi wa kuoteshea mbegu. Ulowesheni, mtie mbegu mbili mbili, mfunike kwa udongo kidogo tu, kisha plastiki juu. Wekeni mahali penye joto. Nyanya huchomoza baada ya siku 5 hadi 10. Zikichomoza, toeni plastiki siku hiyo hiyo.

Sasa kosa langu la mwaka wa pili: mwanga. Niliweka miche dirishani, ikarefuka kama uzi, ikaanguka. Jua la Machi dirishani halitoshi. Taa ya kawaida ya LED inafaa. Ining'inizeni karibu, inchi 3 hivi juu ya majani, iwake masaa 14 hadi 16, usiku mzime. Miche ikikua, pandisheni taa. Maji, pimeni kwa kidole: udongo ukiwa umekauka juu, mwagilieni; ukiwa na maji bado, acheni. Miche mingi huuawa na huruma ya maji.

Kabla ya kuipanda nje, izoesheni. Siku ya kwanza saa moja kivulini, kila siku mkiongeza muda na jua, kwa siku 7 hadi 10. Mche uliolelewa ndani ni kama sisi tulipofika: haujui upepo wa hapa.

Na matembele? Mwezi wa Machi, tieni kiazi kitamu kwenye chupa, nusu ndani ya maji. Kikitoa machipukizi ya inchi 6, yavunjeni, myatie kwenye maji mapya. Baada ya wiki moja hivi yatakuwa na mizizi. Pandeni mwisho wa Mei. Septemba, kabla ya jalidi, kateni marando machache, myaweke ndani ya maji dirishani. Mbegu ya mwaka ujao mnayo tayari.

Jambo la mwisho wengi hawalijui. Kadi ya SNAP inaruhusiwa kununua mbegu na miche ya chakula, katika duka linalopokea kadi hiyo. Udongo na vifaa haviruhusiwi.

Mama mkwe wangu alikaa miaka miwili ndani ya nyumba bila kutaka kutoka. Kiangazi kilichopita alikuwa akiniamsha mimi twende kuchuma lengalenga.

Vikopo viko pale mezani. Karibuni, tuanze na pilipili.