Silaha Safarini: Sanduku Gumu, Kufuli Zote

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa katika kikao cha uhamasisho kwa wakazi wenye leseni za kumiliki silaha.



Mlenga shabaha anayekwenda mashindanoni kwa ndege hukabidhi bunduki yake kwenye kaunta ya shirika la ndege. Tangu hapo hadi atakapoipokea tena, inapita mikononi mwa watu asiowajua. Muda huo wote, mlinzi wake ni sanduku. Kwa hiyo sanduku lina kazi mbili: kuikinga silaha isiharibike, na kuwakinga watu isije ikaangukia mikono isiyofaa.

Kabla ya sanduku ni karatasi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kumiliki bunduki nchini Kenya bila cheti. Cheti hicho hakimruhusu kuingia nayo nchi nyingine. Anayevuka mpaka apate vibali vya nchi aendako na aulizie masharti ya nchi atakakobadilisha ndege. Alijulishe shirika la ndege mapema, kwani mengine hayabebi silaha.

Abiria haingii na bunduki sehemu wanakokaa abiria. Husafirishwa kwenye mizigo ya chini, ikiwa haina risasi. Mwenyewe ahakikishe hilo nyumbani: aelekeze mdomo wa bunduki pasipo na mtu, atoe magazini, afungue boliti, kisha aangalie chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole.

Sasa sanduku. La kitambaa halifai. Litafutwe gumu, la plastiki nene au alumini. Likishafungwa, mwenyewe avute kila pembe kwa nguvu. Vidole vikipenya, hata kidogo, halifai. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sanduku lenye matundu mawili ya kufuli lifungwe kwa kufuli mbili; moja tu huacha upande mmoja ukibanduka. Lile ambalo bunduki ilinunuliwa nalo si lazima liwe imara kiasi hicho.

Marekani, kwa mfano, hudai sanduku gumu, lililofungwa, lisiloweza kubanduliwa, na msafiri aitangaze silaha kwenye kaunta kila safari. Ufunguo hukaa kwake, ila maafisa wakiuhitaji kwa ukaguzi.

Ndani, sponji ikatwe kwa umbo la bunduki ili isitikisike. Sanduku lisilopitisha hewa liwe na vali ya kusawazisha mgandamizo, la sivyo huenda likawa gumu kufunguka baada ya kutua. Sponji pia hushika unyevu. Bunduki ikiachwa humo miezi, hupata kutu. Sanduku lipimwe likiwa limejaa, maana mashirika mengi hayapokei mzigo mmoja unaozidi kilo 32. Na lisibandikwe picha wala maandishi yanayotangaza kilichomo.

Risasi zikae kwenye boksi lililotengenezwa kwa ajili yake, si kutawanywa mkobani. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huweka kikomo cha kilo 5 kwa abiria, pamoja na vifungashio, kwa idhini ya shirika. Mkoba wa mazoezini usigeuzwe mkoba wa nguo. Risasi moja iliyosahaulika mfukoni yatosha kumkosesha mtu safari na kumlaza kituoni.

Siku ya safari, mwenye silaha afike mapema. Katika viwanja vyetu mizigo hukaguliwa mlangoni, kwa hiyo amweleze afisa kabla sanduku halijaingia kwenye mashine. Aseme kwa utulivu kwamba ana silaha yenye cheti, aonyeshe karatasi, na asilifungue hadi aambiwe.

Akifika, akague kufuli na namba ya silaha kabla ya kutoka uwanjani. Sanduku lisipoonekana, apige ripoti papo hapo kwa shirika la ndege na kwa polisi. Asisubiri kesho: bunduki iliyopotea ni hatari kwa mtu asiyejua hata kwamba imepotea.